Kalamu ya Risasi Pambizoni: Majibu kwa Walimu na Wanafunzi wa Ushairi

Katika toleo lililopita tulichapa beti mbili za shairi nililolitunga kwa ajili ya kazi ya darasani, tukawaomba walimu na wanafunzi walisome wakiwa na kalamu ya risasi mkononi, waandike pambizoni kila kilichowasimamisha, kisha watuletee maswali yaliyowabakia. Barua zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizopewa, kwa hiyo nimechagua sita. Kwa msomaji ambaye toleo lile lilimpita, shairi lenyewe ni hili:

Chungu kimekaa meko, moto haujapungua,
Nimeutoa mwaliko, wageni wameshatua,
Kila mtu na kijiko, tayari ameinua,
Mpishi wake hayuko, nani atakipakua?

Waloamka mapema, kuni wakazikusanya,
Mlangoni wamekoma, hawajui la kufanya,
Harufu inawachoma, moshi unawachanganya,
Mpishi wake hayuko, nani atakipakua?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nina wanafunzi 58 wa Kidato cha Tatu na nakala 12 za diwani, nazo ni mali ya shule, haziruhusiwi kuandikwa ndani. Nililinakili shairi la "Chungu" ubaoni nikawaambia waliandike na kulitilia maelezo pambizoni. Walipigia mstari karibu kila neno, wakaandika "takriri", "taswira", "sitiari". Nilipouliza ni nani mwenye njaa katika shairi hili, darasa zima lilinyamaza. Nimekosea wapi? (Mwalimu, Muheza)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Swali lako la mwenye njaa ni zuri kupita maswali mengi niliyowahi kuyaona mwishoni mwa sura za vitabu vya kiada, na ukimya uliokupokea haukutokana na uzembe wa vijana hao. Ulitokana na mazoea tuliyowajengea. Tumewapa istilahi kwanza na shairi baadaye, kiasi kwamba mwanafunzi akikutana na ubeti haulizi unasema nini, bali anawinda. Akiona neno limerudiwa anaandika "takriri", roho inatulia, anahamia mshororo unaofuata, kama karani wa bandarini anayehesabu magunia bila kujali yamebeba nini.

Ninashauri kazi hii ichukue siku mbili. Siku ya kwanza istilahi zipigwe marufuku kabisa. Shairi lisomwe kwa sauti mara mbili bila kalamu, au lighaniwe ikiwa darasani yupo anayejua mahadhi, kwa kuwa mashairi yetu ya kimapokeo yalitungwa kwa ajili ya sikio kabla ya jicho. Ndipo kalamu zitoke, na alama ziwe tatu tu: alama ya kuuliza pale mwanafunzi asipoelewa, mstari chini ya neno ambalo hakulitarajia, na mshale unaounganisha maneno mawili anayohisi kwamba yanasemezana. Kila alama ifuatwe na maneno machache pembeni, ya lugha yake ya kila siku.

Kuhusu uhaba wa vitabu, nadhani umebahatika bila kujua. Mwanafunzi anayenakili shairi kwenye ukurasa wa kulia wa daftari, akiruka mstari mmoja baada ya kila mshororo na kuuacha ukurasa wa kushoto mtupu kwa ajili ya maelezo, amekwisha kulisoma mara moja zaidi ya yule aliyepewa nakala iliyopigwa chapa. Utaona mmoja ameandika "wageni wameshafika" kwa kudhani ndivyo ubao unavyosema, na atakaposoma kwa sauti kina, yaani silabi ya mwisho inayopaswa kuoana na ya mishororo mingine, kitamkemea. Usimfutie haraka. Muulize ni kitu gani kilichopotea neno lilipobadilika.

Nitakuonyesha mfano. Mwanafunzi mmoja alituletea karatasi yake, nami nimeusoma mshororo wa tatu mara nyingi kuliko nilivyousoma nilipoutunga. Pembeni mwa "kijiko" ameandika: "Kwetu tunakula kwa mkono. Hawa ni wageni wa namna gani?" Kutoka "ameinua" amechora mshale unaopanda hadi "moto haujapungua", na juu ya mshale ameandika: "Hakijaiva bado!" Kando ya "Nimeutoa" ameuliza: "Huyu ni nani? Kama ndiye mwenyeji, mbona hajui mpishi wake yuko wapi?" Hakutaja istilahi hata moja, lakini tayari ameona wageni wenye pupa, chakula kisicho tayari, na mtu aliyealika watu kwenye chungu asichokipika wala asicho na mamlaka ya kukipakua. Kutoka hapo hadi kwa wenye njaa wa ubeti wa pili ni hatua moja tu.

Siku ya pili istilahi ziruhusiwe, kwa sharti moja: neno la kitaalamu lisiandikwe pambizoni bila kufuatwa na "kwa sababu" au "ili". "Taswira" peke yake haina alama. "Taswira ya pua na ya macho, ili tuone kwamba harufu na moshi vinawafikia walio nje, lakini chakula hakiwafikii" ina alama zake zote. Utashangaa jinsi orodha ndefu za istilahi zitakavyopungua, kwa kuwa nyingi hazina "ili".

SWALI: Mwalimu mwenzangu, salamu. Wanafunzi wangu wanajiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya. Swali la ushairi huuliza umbo, idhini ya mshairi (uhuru wake wa kukiuka kanuni za lugha), nafsineni (nafsi inayosema katika shairi), toni, na kuandika ubeti kwa lugha nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi. Kuna haja gani ya kujaza pambizo kwa maswali, ilhali mtihani unataka mifano miwili ya inkisari, yaani maneno yaliyofupishwa, na saa inakwenda? (Mwalimu, Makueni)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hofu yako naielewa, na sitasema kwamba alama za mtihani ni jambo dogo kwa mzazi aliyelipa karo. Lakini tazama sehemu ambayo watahiniwa wengi huanguka, yaani lugha nathari. Ubeti wa pili wa "Chungu" ukiandikwa kwa nathari utakuwa hivi: walioamka mapema na kukusanya kuni wameishia mlangoni bila kujua la kufanya, harufu ya chakula inawatesa na moshi unawavuruga, na kwa kuwa aliyepika hayupo, haijulikani nani atakayepakua. Mwanafunzi aliyezoea kuwinda ataandika kwamba "wanyonge wananyonywa na viongozi", jambo ambalo huenda ni tafsiri nzuri, lakini hapa hakuulizwa tafsiri. Yule aliyeandika pembeni "kwa nini wameishia mlangoni?" amelazimika kuwaona watu hao wamesimama pale, na anaweza kuwaeleza bila kuruka.

Mizani, yaani silabi za mshororo, nazo zipigiwe makofi kabla ya kuhesabiwa kwa jicho. Kosa la kawaida ni kuimeza "m" inayojitegemea. "Waloamka mapema" ina mizani 8, wa-lo-a-m-ka-ma-pe-ma, lakini mwanafunzi asiyeisikia "m" ya "amka" atapata 7 na kudai kwamba mshairi amekosea. Kinyume chake, "mwa" ya "mwaliko" ni mizani moja, wala si mbili. Kila kipande kina mizani 8, na mshororo mzima 16.

Sasa tuje kwenye idhini ya mshairi. "Waloamka" imefupishwa kutoka "walioamka", ambayo ingeleta mizani 9, na mtahini ataipokea kama inkisari. (Ingawa, kwa siri yetu, watu wengi wa pwani huzungumza hivyo hivyo sokoni bila kuhesabu mizani yoyote.) "Meko" badala ya "mekoni" inafanya kazi mbili, kwani inaokoa mizani moja na kuleta kina cha "ko". "Mlangoni wamekoma" ni kuboronga sarufi, kwa maana lugha ya kawaida ingesema "wamekoma mlangoni", na faida yake ni kwamba msomaji anagonga mlango kabla ya kuwaona watu.

Lakini ukiniuliza ni alama gani ya umbo ningependa kuikuta pambizoni, ningekwambia ni ya vina. Shairi hili ni tarbia kwa kuwa na mishororo minne katika kila ubeti, mathnawi kwa kugawa kila mshororo vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), na ukaraguni kwa kubadilika kwa vina. Watahiniwa huandika majina hayo matatu na kuweka kalamu chini. Lakini vina vya ubeti wa kwanza ni "ko" na "a", hivyo kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa, kinapofika kinaingia kama mtu wa nyumbani. Katika ubeti wa pili vina ni "ma" na "nya", na kibwagizo kile kile, bila kubadilika hata herufi, kinafika kikiwa hakioani na mishororo iliyokitangulia. Swali la mpishi linapatana na wageni wenye vijiko, halipatani na waliokusanya kuni. Mwanafunzi akiliona hilo, swali la umbo na swali la maudhui amekwisha kuyajibu kwa pamoja, na saa aliyoihofia mwalimu wake ameiokoa.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameona kwamba mwenzake wa Kenya anataja nafsineni na toni pale ambapo yeye angetaja fani na maudhui, dhamira na msimamo. Misamiati ni miwili, na maelezo ya pambizoni niliyoyaeleza yanaitumikia yote.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Nasaidia vijana wa mtaani kwetu kusoma tenzi za kale. Wakikutana na maneno ya Kiamu au Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, hufunga daftari. Kila neno niwatafsirie? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usiwatafsirie kila neno, ila wafundishe mifumo michache, kwa kuwa lahaja hazibadilishi sauti ovyo. Anayejua kwamba "njia" ya leo ni "ndia" huko, na "moja" ni "moya", na "macho" ni "mato", amepata ufunguo wa milango mingi. Tahadhari iwekwe kwenye maneno yanayofanana na ya Kiswahili Sanifu kwa sura na kutofautiana kwa maana. "Kuteka" kwa maana ya kucheka ni mfano wake: nimewahi kusoma maelezo marefu na ya kusikitisha kuhusu msichana aliyetekwa, kumbe katika ubeti ule alikuwa akicheka. Maneno ya namna hiyo yapigiwe mstari wa mawimbi, na mwanafunzi aende nayo nyumbani kwa bibi yake kabla ya kufungua kamusi.

Wafundishe pia kukisia kwa kuandika. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa binti yake, na mwanzoni kabisa binti anatakiwa asogee, kisha "upulike" wasia. Kijana asiyelijua neno hilo aandike pembeni: mtu huufanyia nini wasia akiwa ameitwa karibu? Atajibu mwenyewe kwamba husikiliza, na kamusi itakuja kumthibitishia tu. Neno alilolipata kwa njia hiyo halimtoki tena. Na kwa kuwa ni utenzi, mwambie aufuatilie pia mshororo wa nne wa kila ubeti, ambao kina chake hakifuati cha mishororo mitatu ya juu, bali kinatiririka kutoka ubeti hadi ubeti. Akiupigia rangi mshororo huo peke yake ataliona shairi zima limeshonwa kwa uzi mmoja.

SWALI: Mwalimu, je, nianze kwa kuwaeleza wanafunzi maisha ya mshairi, au niwaache wasome kwanza? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Wasome kwanza, lakini usiwanyime historia pale ambapo alama zao za kuuliza zinaililia. Chukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani, mshairi akitumikia kifungo kilichoanza 1969 na kumalizika 1972. Ukilitangaza hilo mlangoni, kila ukuta, kila usiku na kila kidonda katika diwani hiyo kitageuka kuwa gereza, na darasa halitaona kingine chochote. Ukiwaacha wasome, watajaza pambizo kwa maswali kuhusu upweke na ukaidi wa nafsi inayosema, na siku utakapowapa tarehe hizo watarudi wenyewe kwenye alama zao na kuzisoma upya. Pambizo liwe na rangi mbili: ya kabla na ya baada.

Hata hivyo, kuna elimu nyingine ambayo tunaisahau kwa kushughulika na wasifu wa washairi, nayo ni elimu ya vitu vilivyomo ndani ya shairi. Hapa nina deni. Nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni, nilisomesha shairi la mke anayekaa ufukweni akimngoja mumewe arudi na jahazi kutoka Arabuni, huku upepo wa kusi ukivuma na kupiga makuti. Darasa zima liliandika kwamba dhamira ni mapenzi na uvumilivu, nami niliwapa alama. Kijana mmoja, mtoto wa nahodha, aliandika pembeni: "Kusi haileti jahazi kutoka Arabuni. Huyu harudi." Nilipitisha mstari mwekundu juu ya maneno yake na kuandika "nje ya mada".

Nilichukua miaka kadhaa kuelewa nilichokifuta. Majahazi yalishuka kutoka Arabuni kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurudi juu kwa kusi baada ya hapo. Mke anayemngoja mumewe wakati wa kusi anangoja msimu ukiwa umekwisha kugeuka, na mshairi alilisema hilo kwa neno moja akiamini kwamba kila msikilizaji wake ameishi na pepo hizo. Shairi nililolifundisha kama la uvumilivu lilikuwa la msiba. Kwa hiyo, Mwalimu, ukiwa na mtoto wa mvuvi, wa mfugaji au wa mhunzi darasani kwako, mpe shairi la kazi ya nyumbani kwao na uyasome maelezo yake ya pambizoni kabla hujaandika ya kwako ubaoni.

SWALI: Mashairi huru yasiyo na vina wala mizani yatiliwe alama gani? (Mwanafunzi wa ualimu, Iringa)

JIBU: Ubishi kuhusu mashairi huru, uliopamba moto katika miaka ya 1970 hasa baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, umewaacha walimu wengi wakiyaeleza kwa yale yasiyokuwa nayo. Mwanafunzi anaandika "hakuna vina, hakuna urari wa mizani" na kudhani amechambua. Tazama badala yake mahali ambapo mstari umekatwa. Ningeweza kuuandika ubeti wangu hivi:

Chungu kimekaa.
Moto.
Kila mtu na kijiko
juu.

Mwambie mwanafunzi aweke alama ya mkwaju (/) mwisho wa kila mstari na aeleze kwa nini "juu" limeachwa peke yake. Akishindwa, auunganishe mstari huo na uliotangulia, asome kwa sauti, na asikilize tofauti.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Niliandika pambizoni kwamba "chungu" ni wale wadudu, sisimizi, kwa sababu wanajaa jikoni palipo na chakula na hakuna anayewaalika. Mwalimu wangu amesema ni kosa. Rafiki yangu yeye anasema shairi linahusu harusi. Je, shairi si huwa na maana nyingi? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shairi linaweza kuwa na maana nyingi, lakini kila maana ipite kwenye kila mshororo, na ile inayokwama mahali irudi nyuma. Anza na yako. Sarufi imekwisha kukujibu katika neno la pili: "kimekaa". Chungu cha kupikia ni cha ngeli ya KI-VI. Mdudu, kwa kuwa ana uhai, angekuwa "amekaa", na mpishi asingekuwa na kazi ya kumpakua. Kwa hiyo mwalimu wako yuko sahihi, ingawa ningefurahi kama angekuonyesha hiyo "ki" badala ya kukwambia ni kosa tu. Lakini usilifute neno lako. Shairi linapoanza kusomwa kwa sauti, sikio hupokea "chungu" kabla ya "kimekaa" kulifikia, na kwa muda huo mfupi lile "chungu" lililo kinyume cha tamu nalo lipo. Liandike kwa wino hafifu, ndani ya mabano, kama harufu iliyopita.

Rafiki yako na harusi yake mwulize: katika harusi hiyo, waliokusanya kuni ni akina nani, na nani amewazuia mlangoni? Kama ana jibu linalotoka ndani ya ubeti wa pili, harusi yake ibaki. Kama anajibu kwa yale aliyoyaona kwenye harusi ya shangazi yake, basi ametoka nje ya shairi, na arudi.

Halafu, mwanangu, karatasi uliyoambatanisha na barua yako imejaa alama nzuri, isipokuwa pembeni mwa "wameshatua", ambapo hujaandika kitu chochote. Ndege hutua, mtu aliyechoka hutua mzigo, na jua nalo hutua. Nilipokuwa natunga ningeweza kuwaleta wageni hao kwa maneno mengine mengi. Irudie sehemu hiyo, uniandikie.